Toa Thamosi Juu ya Deki

Deki ya DVD ya shosh ilikuwa imegeuka meza ya thamosi. Ukiingia sebuleni kwake hapa Rugerero unakutana na kitambaa cheupe cha kufuma, juu ya kitambaa kuna thamosi ya chai, na chini ya hiyo heshima yote kuna mashine moja nyembamba rangi ya fedha, imenyamaza tangu TV ya boma idedi. Hakuna mtu aliiwasha kwa miaka. Mi mwenyewe nilikuwa naiwekeleanga chaja, funguo, na siku moja ata sufuria ya moto, maze, na hiyo alama bado iko hadi wa leo. Sai hiyo mashine ndio inanichezea ngoma kila jioni, na nisipoipata mahali pake nasumbua boma yote.

Nikuchapie venye ilienda.

Mi ni msee wa Dandora, Nairobi. Mathe ni wa huku, mbuyu ni wa Nai, na nilipomaliza chuo nikasota hadi mathe akasema basi enda ukae na shosh, huko angalau viazi haviishi. Nikapanda basi hadi Kigali, nikapanda ingine ya kama kilomita 150 za kona na baridi, nikashuka Gisenyi na begi moja. Rugerero ni hapo tu, sekta ya wilaya ya Rubavu, unatoka mjini ukifuata barabara ya Nyundo. Mto Sebeya unakatiza, Ziwa Kivu liko huko chini, na Nyiragongo inakuchungulia kutoka upande wa Kongo ka lando wa mwisho wa mwezi.

Mabeshte wa Nai walidhani nitakuwa bubu huku. Zii. Rwanda ilifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi na sheria ya 2017, lakini Gisenyi haikungoja sheria. Goma iko ng'ambo ya mpaka, mamama wanavuka asubuhi na mboga wanarudi jioni na vitenge, na hiyo biashara yote inabongwa kwa Kiswahili. Sheng yangu wanaicheka, Kiswahili yao mi naishangaa, na hakuna siku tumeshindwa kuskizana.

Ngori yangu ilikuwa mahewa. Dandora hauhitaji redio. Nganya ikipita inakupatia besi hadi kwa figo, jirani anafua na gospeli, kinyozi ako na rege, na huu ndio mtaa ulitoa makundi ya rap ya Kalamashaka na Ukoo Flani, so ata ukitaka kimya hupati. Rugerero jioni unaskia Sebeya, unaskia mbwa wa mbali, unaskia shosh akisali. Ni hayo tu. Mi niko kwa kitanda na simu yenye imepasuka kioo, spika imejaa vumbi, na bando ya siku inakatika ngoma ya nne ikiwa kwa korasi. Ndio siku moja nikaangalia chini ya thamosi.

Lazima ujue pia hiyo deki ilifikaje kwa nyanya wa kanisa. Ni agasobanuye, bana. Hizo ni muvi za ng'ambo zenye msee mmoja anazitafsiri juu kwa juu kwa Kinyarwanda, anaongeza matusi yake na utani wake, hadi Rambo anakuwa ka binamu yako. Kenya tuko na DJ Afro, Uganda wako na VJ Jingo, na huku jina lenye lilivuma ni Yanga. Kabla ya flashi na simu, hizo vitu zilikuwa kwa diski, na ukitaka kuzicheki lazima boma iwe na deki. So zikanunuliwa kila mahali stima ilifika. Halafu diski zikakufa, deki zikabaki. Mi naamini kwa hii mitaa ya Rubavu kuna mashine nyingi sana za kusoma dijitali zimelala chini ya vitambaa vya kufuma, na wenyewe wanadhani ni vyuma chakavu.

Siku ya kwanza nilifanya ile kitu kila mtu angefanya. Anko ako na sabufa kuukuu. Nikachukua waya ya rangi tatu, nyekundu na nyeupe zikaingia kwa sabufa, manjano ikabaki inaning'inia, nikatupa CD ndani. Ilicheza. Lakini sauti yake, jo! Ilikuwa ka msee anaimba ndani ya jeriken, na nyuma yake kuna kamlio, zzzz, hakaishi ata ngoma ikinyamaza. Alafu kila mwisho wa mstari neno linarudi mara tatu. Nilikaa na hiyo maajabu siku mbili ndio nikagundua deki ina matundu mawili ya maiki hapo mbele, na eko ya karaoke ilikuwa imewashwa tangu enzi ya Nuhu. Nikazima eko. Jeriken ikabaki.

Nikaifunga kwa leso ya shosh nikateremka nayo Gisenyi kwa fundi mmoja wa redio. Ni wa Goma, amekaa huku miaka, tunamwita Mukubwa. Mi ananiita petit.

"Mukubwa, hii deki imeoza. Niambie tu ni kilo ngapi niuzie watu wa vyuma."

Hakuiwasha. Aliigeuza mgongo, akapuliza vumbi, akanionyesha na bisibisi. "Petit, hii masini iko muzima. Kusoma inajua sana. Kuimba njo haijue. Toa sauti mu hii kitundu, masini ingine iimbe."

Kitundu chenyewe kilikuwa cha duara, sawa na vile vingine, lakini rangi ya machungwa, na juu yake wameandika Coaxial. Nilikuwa nimekiona. Nilidhani ni cha kupumua.

Hapa ndio stori iko, so tulia kidogo. Ndani ya deki kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kusoma. CD haina sauti, ina namba. Kila sekunde namba 44,100 za sikio la kushoto na 44,100 za kulia, kila moja biti 16, ukizijumlisha ni biti milioni 1.4 kwa sekunde. Leza inazifuata kutoka katikati ya diski ikienda nje, na diski inazungushwa kama mara 500 kwa dakika mwanzoni, ikifika ukingoni imeshuka hadi kama 200, ndio kasi ya kusoma ibaki moja. Hiyo kazi si mchezo, na cha ajabu, deki ya bei ya chini inaifanya fiti tu, ju imejengwa kusoma DVD, ambayo mistari yake imebanana kuliko ya CD.

Kazi ya pili ni kugeuza hizo namba ziwe umeme wenye spika inaelewa. Hapo ndio kampuni ilibania ganji. Wanaweka kachipu ka bei ya peremende, kando yake saketi ya picha inapiga kelele, kando yake pawasaplai ya kubana matumizi inapiga kelele zaidi, na sauti yako inapitia katikati ya hao walevi wote ikitafuta mlango. Ikifika kwa ile nyekundu na nyeupe tayari imechakaa.

Shimo ya machungwa inatoa namba zenyewe, mbichi, kabla hao walevi hawajazishika. Lugha yake inaitwa S/PDIF, iliwekwa na Sony na Philips, walewale wa CD. Deki zingine badala ya hiyo shimo ziko na kashimo ka mraba kenye kamlango, ukikafungua kunawaka taa nyekundu. Hiyo ni ya mwanga, inaitwa Toslink, ilianza na Toshiba, na raha yake ni kuwa hakuna umeme unapita kati ya mashine mbili, so kama sabufa yako inanguruma ju ya nyaya, hapo unapona. Usiikunje tu. Ndani ni uzi wa mwanga, ukiipiga kona kali mwanga hautoki.

Sasa unahitaji wa kuimba. Kuna kasanduku kadogo, karibu saizi ya kiberiti cha shosh, kanaitwa DAC, mi nakaita daki. Upande mmoja kanakula namba, upande mwingine kanatoa nyekundu na nyeupe, na stima yake ni ile ya chaja ya simu. Mukubwa alikuwa nako kwa droo, kalikuja na mzigo wa mambo ya TV. Bei ilikuwa kama ya jogoo wawili wazuri. Nikakwama. Nikamwambia nitalipa nusu sai, nusu nikimaliza kibarua, akakubali, na nikataka kununua na waya ya machungwa yenyewe, ile ya kung'aa.

"Usiuze waya," akasema.

Nikashangaa, ju mi sikuwa nauza. Kwao kuuza ndio kununua, na kuuza kwetu wao wanaita kuuzisha. Ilinichukua miezi kuzoea, na kuna siku nusura nimpe mtu viatu vyangu. Alichomaanisha ni kuwa waya ninayo. Ile ya manjano, ya picha, yenye nilikuwa nimeiacha inaning'inia, imetengenezwa kwa kipimo cha om 75, na hicho ndicho kipimo shimo ya machungwa inataka. Rangi tu ndio tofauti. Wasee wa ng'ambo wanauziwa hizo waya kwa bei ya pikipiki, ati zinaleta joto kwa sauti. Namba hazina joto. Zikifika zimefika.

Nikarudi boma nimevimba kichwa. Nikachomeka manjano kwa machungwa, nikawasha daki, nikatupa CD.

Kimya.

Nikachomoa, nikachomeka, nikabembeleza, nikatukana. Kimya tu, na shosh ananicheki na jicho ya "si nilikuambia". Kumbe kwa menyu ya deki hiyo shimo ilikuwa imezimwa. Na menyu inaonekana kwa TV. Na TV ilidedi. Hii ndio ngori ya kutumia deki bila skrini, hakuna mtu hukuambia mapema: CD ukiitupa inajichezea yenyewe, lakini mipangilio yote imejificha nyuma ya kioo chenye hauna.

Nikaibeba kwa bega hadi kwa majirani. Walikuwa wanacheki mechi, chumba kimejaa. Singekatiza, ningeuawa. Nikangoja hafutaimu nimekaa kwa mlango na deki kwa magoti ka mtu ameleta posa. Filimbi ikalia, nikaruka, nikachomeka, menyu ikatokea, na watoi wote wakapiga makofi wakidhani agasobanuye imerudi. Nikaingia kwa sehemu ya sauti na vitufe vya mbele ya deki, ju rimoti ilipotea kitambo. Kuna chaguo tatu: OFF, RAW, PCM. Yetu ilikuwa OFF. Weka PCM, usisahau hiyo. RAW inafaa mashine kubwa za sinema zenye zinaelewa vifurushi vya Dolby. Ukiipatia daki ndogo na DVD ya konsati, itakupa kimya au kelele ka ya mvua kwa mabati. Kama deki yako iko na chaguo lingine la 48K na 96K, soma maandishi ya daki yako kwanza. Kama inafika 96, chukua 96, ingawa diski zenye zinaitumia huku ni za kutafuta na tochi. Nilimaliza kipindi cha pili kikianza. Watoi wakanizomea hadi kwa geti.

Hiyo usiku nilicheza Papa Wemba, mwimbaji wa Kongo, albamu yake ya Emotion, ya 1995, Mukubwa alikuwa amenikopesha na vitisho juu. Wenye tumekulia nganya, ka mimi, tumefunzwa sauti ni besi. Ikikutikisa ni nzuri, isipokutikisa ni ya wazee. Sabufa ya anko ilikuwa ileile, na besi haikuongezeka ata kidogo. Kitu ilibadilika ni nafasi. Kule mwanzo kila kitu kilikuwa kimerundikana ka watu kwa mathree ya saa kumi na mbili jioni, sai kila mtu amepata kiti. Sauti ya Wemba ilisimama katikati ya chumba, gitaa ziko pembeni, na ule mlio wa zzzz umeenda, so ngoma ikinyamaza, inanyamaza kweli, na Sebeya inaskika. Nilikaa chini kwa simenti. Albamu ikaisha. Sikuwa nimeruka ata ngoma moja, na sikumbuki mara ya mwisho hiyo ilifanyika, ju na simu mi ni wa sekunde thelathini, next, next.

Shosh akatoa kichwa. "Huyu ndiye yule?" Ndiye. Akaketi. Kumbe anamjua Wemba kuniliko.

Na usidhani masikio ya huku ni ya ushago. Hapo Nyundo, karibu tu na sisi, ndipo shule ya muziki ilifunguliwa 2014, ikiongozwa na Mighty Popo, mpiga gitaa, kabla ya kuhamishiwa Muhanga. Igor Mabano ametokea hapo, Ariel Wayz pia, Kenny Sol pia. Mathe mmoja wa duka ananichapianga venye vijana walikuwa wanapita na magitaa mgongoni. Alikuja kuskiza deki yangu mara moja, akasimama kwa mlango, akasema gitaa ya kushoto imewekwa juu kuliko ya kulia. Nikaangalia. Waya moja ya sabufa ilikuwa imelegea. Mimi na vyuo vyangu sikuwa nimeskia.

Kitu chenye kilinibadilisha kabisa ni mafuriko. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha hadi milima ikashuka, Sebeya ikavunja kingo. Magharibi, kaskazini na kusini mwa Rwanda walikufa zaidi ya watu 130, na Rubavu ilipigwa vibaya. Sisi tuko juu ya mteremko, maji hayakutufikia. Wa chini waliamka nyumba haziko. Sitaki kuongea sana juu ya hizo siku.

Lakini wiki zilipopita, tukiwa bado tunatoa matope, mzee mmoja wa huko chini alikuja na katoni imelowa. CD. Za kwaya, za rumba, moja ya mwimbaji wa Rwanda Cécile Kayirebwa, ile albamu ya 1994 inaitwa Rwanda. Simu yake ilikuwa imekufa, redio imekufa, picha za harusi zimeshikana zikawa ka ugali. Akaniuliza kama hizo zinaweza kupona, ju ameskia mi ndiye kijana wa ile mashine.

Tukazitumbukiza kwa beseni ya maji vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo. Makaratasi yote yalikuwa yameoza, tukayatupa. Diski tukazipangusa moja moja na kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, laini moja kwa moja ka spoki za baiskeli. Usizungushe kamwe, ju mkwaruzo wa kufuata mzunguko unafuata namba na kuzila, wenye unakata njia deki inauruka. Halafu nikaanza kuzijaribu. Nilikuwa nimejitayarisha kumwambia pole.

Zilicheza. Karibu zote. Zenye zilikataa nyingi ni zile za kuchomwa mtaani.

Nikamwuliza Mukubwa imekuwaje, akanipa darasa. Diski ni plastiki ngumu ya milimita 1.2, na leza inasoma kutokea chini ikipenya hiyo plastiki, so matope ya juu yake ni ka uchafu wa dirisha, ukiosha umeosha. Upande wa hatari ni ule wa picha, ju hapo kuna varnishi nyembamba tu halafu kioo chenyewe. Na namba za CD zimechanganywa makusudi, zikarudiwa kwa hesabu, hadi ata kipande cha kama milimita 2 na nusu kikipotea kwa mstari, deki inajaza pengo bila wewe kujua. Kuna mainjinia walikaa chini wakawaza mtu atakayeangusha diski yake kwa matope. Hiyo hainitoki kwa akili.

Mzee hakuwa na deki tena, so akawa anakuja Jumapili baada ya misa. Anakaa kwa kiti cha anko, hasemi kitu, albamu inaisha, anamshukuru shosh, anaenda. Alikuja hadi alipopata nyumba mpya, na diski zake nikazirudisha zote.

Sasa kuna wasee watasema hii yote ni ushamba. Beshte wangu wa Nai aliniambia nunua tu adapta nzuri ya simu, sauti ni ileile. Na ni kweli, bana. Namba ni namba. Faili safi kwa simu na daki nzuri haiwezi kushindwa na deki ya shosh. Lakini simu yangu inalia, bando inaisha, na ngoma za kulipia kila mwezi siku haujalipa si zako. Diski ni yangu. Deki inakula kama wati 10 tu, mita ya kashipawa haishtuki. Alafu nilikuwa nayo tayari. Hoja yangu inaishia hapo, siuzii mtu ndoto.

Na kama unadhani wenye pesa wako tofauti, kuna stori ya 2010. Kampuni ya Lexicon ilitoa mashine ya Blu-ray, BD-30, dola 3,500. Wasee wa kupima sauti wakafungua kifuniko, wakapata ndani kuna Oppo BDP-83, nzima nzima na chasisi yake, ile ya dola 500 hivi. Ganda tu ndio ilikuwa mpya. Na kuna wale walianza kusaka PlayStation ya kwanza kabisa, toleo lenye lina matundu ya nyekundu na nyeupe nyuma, ati inacheza CD tamu kuliko mashine za bei. Jarida la Stereophile la Marekani liliipima 2008 kama kitu cha maana. Watoto waliachia hizo mashine wakidhani ni za kucheza gemu.

Ukweli mwingine, haraka haraka, ju najua utaenda kujaribu. Diski ya sokoni yenye imebanwa ngoma 150 za MP3 haitageuka dhahabu. Hizo mara nyingi zimefinywa hadi biti 128,000 kwa sekunde, karibu moja ya kumi na moja ya CD, na chenye kilitupwa hakirudi ata ukichomeka daki ya rais. Deki nyingi pia zinavuta pumzi kati ya MP3 moja na ingine, so konsati yenye makofi yanaunganisha ngoma inakatwakatwa. CD ya kawaida haina hiyo shida. Deki za kwanza kabisa zinaweza kukataa CD za kuchoma, ju leza ya DVD ni ya mawimbi ya nanomita 650, ya CD ni 780, na rangi ya zile diski za kuchoma haiirudishi hiyo ya 650. Kama yako inakataa za kuchoma na inakubali za dukani, usiite mchawi. Za siku hizi zenye nyuma kuna HDMI peke yake, achana nazo, daki ndogo haitakuwa na mahali pa kushika.

Halafu vumbi. Huku udongo ni wa volkeno, mweusi, unaingia hadi kwa sukari. Deki ikianza kurukaruka, kabla ya kulia, funua kifuniko ikiwa imechomolewa kwa ukuta, tafuta kajicho ka kioo, kapitishie pamba na tone la spiriti, polepole, ka unamfuta mtoto jicho. Yangu naifanya kila miezi michache. Na usiipange juu ya sabufa, ju inatetemeka. Nilifanya hiyo ujinga, Wemba akaanza kugugumiza.

Rimoti bado sijapata. Shosh anasema aliiona mara ya mwisho mwaka ule jirani aliazima. Kila nikitaka kubadilisha mipangilio nabeba mashine hadi kwa ile TV ya majirani, na watoi bado wanapiga makofi.

Thamosi sai inakaa kwa dirisha. Kama yako bado iko juu ya deki, itoe leo kabla stima haijapotea, igeuze mashine mgongo, pangusa, tafuta shimo ya machungwa au kale kamlango ka taa nyekundu. Ukikosa zote mbili, rudisha thamosi mahali ilikuwa.